Miaka Ishirini Nimekaa Katikati, Sasa Wanataka Niseme Wimbo Upi Bora

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 35, naishi Mbagala, nina duka dogo la dawa. Najua watu wanakuandikia mambo mazito: ndoa, mirathi, watoto wa nje. Langu ukilisoma haraka utacheka. Mdogo wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akapaliwa. Lakini hii ni wiki ya sita silali vizuri, na chanzo ni nyimbo za Kizungu.

Tuko watatu. Wenzangu nitawaita Doto na Sele, ingawa hayo si majina yao. Tulikutana kidato cha kwanza mwaka 2004, shule ya kutwa huku Temeke. Wakati ule darasa zima lilikuwa Juma Nature na TMK Wanaume, na mtoto wa Temeke asiyeshabikia TMK alionekana msaliti. Sisi pia tuliwapenda. Ila mwaka uliofuata Doto aliona kwenye televisheni video ya bendi ya Marekani inaitwa Green Day, wanaume watatu, mwimbaji kajipaka wanja, magitaa yananguruma kama jenereta, na kesho yake akaja shuleni si Doto yule. Muziki wenyewe unaitwa pop punk. Gitaa ni za fujo na ngoma ni za mbio, lakini juu yake kuna sauti tamu ambayo hata asiyejua Kiingereza anaweza kuifuatisha.

Tulichanga hela tukachomewa CD Kariakoo. Siku nyingine, kwenye mitumba ya Karume, tukakuta fulana nyeusi yenye picha ya jalada la albamu yao ya 2004, American Idiot, ule mkono ulioshika moyo wenye umbo la bomu la mkono. Muuzaji hakujua ni nini, akatuachia kwa elfu moja na mia tano. Tukatoa mia tano mia tano, tukawa tunaivaa kwa zamu, kila mtu wiki yake. Jina la bendi tukalitafsiri, tukajiita Siku ya Kijani. Shule nzima ikadhani ni tawi la Yanga. Doto ni Simba wa damu, aliteseka sana.

Ubishi ulianza hapohapo: wimbo upi wa Green Day ni bora kuliko zote? Sele ni mtu wa Basket Case, wa mwaka 1994, uliomo kwenye albamu ya Dookie. Ni dakika tatu za mtu anayeona kichwa chake kinamchezea na hajui kama anarukwa na akili au ni mawazo tu. Sele anasema mwenye la kusema dakika tatu zinamtosha. Doto ni mtu wa Jesus of Suburbia, uliomo kwenye American Idiot. Huo una dakika tisa na sehemu tano, kijana kachoshwa na mtaa wao na mwisho anaondoka. Doto anasema Basket Case ni wimbo, lakini Jesus of Suburbia ni safari. Wamebishana kwenye daladala, wamebishana msibani, wamebishana hospitali Sele akiwa amelazwa na malaria, dripu mkononi.

Na mimi? Mimi ni mwamuzi. Huyu akisema, nasema "hapo una pointi". Yule akisema, nasema "hapo una pointi". Hakuna anayejua wimbo wangu.

Mwaka 2007, siku tuliyomaliza mtihani wa kidato cha nne, tuliapizana. Atakayeoa wa kwanza, siku ya harusi yake tutapanda jukwaani watatu tupige wimbo bora wa Green Day. Gitaa atapiga Sele, alifundishwa na mzee mmoja wa dansi, jirani yao Keko. Wasipokubaliana wimbo, kura ya tatu itaamua. Kura ya tatu ni mimi. Miaka imepita hakuna aliyeoa, kwa hiyo kura haikuwahi kupigwa. (Mimi nina mtoto, ndoa bado. Hilo nitakuandikia siku nyingine.)

Maisha yametutawanya kidogo. Doto ni wakala wa forodha, anatoa mizigo bandarini, amejenga Goba. Sele ni fundi simu Kariakoo. Alikuwa na fremu Mtaa wa Aggrey, kodi ikapanda, mwaka jana akaiachia, sasa ana meza tu chini ya ngazi za jengo la mtu. Sele ni mpole. Kidato cha tatu, baada ya mama yake kufariki, alikuwa akitoka darasani ghafla, moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka, anakwenda kukaa nyuma ya vyoo mpaka ipite. Walimu walidhani anavuta bangi. Baadaye iliisha.

Harusi ya Doto ni Desemba. Kadi ya mchango ni laki moja na nusu kwa mtu mmoja. Sele aliahidi, hajatoa.

Sasa tukio lenyewe. Jumamosi moja tulikutana baa moja Chang'ombe, Doto kaja na mchumba wake ili atufahamu vizuri. Doto akaunganisha simu kwenye spika, akaweka wimbo wake wa dakika tisa. Sele akamtania, "Weka wimbo wa watu wenye haraka, sisi wengine kesho tuna kazi." Utani wa kila siku. Doto akamgeukia mchumba wake akasema, "Huyu wimbo wake ni wa vichaa. Ameuimba miaka ishirini mpaka kichaa chenyewe kimempata. Muulize fremu iko wapi."

Meza ilicheka. Na mimi nilicheka.

Sele aliweka elfu tano mezani kwa ajili ya soda yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Saa sita usiku simu ikaonyesha ametoka kwenye grupu.

Wiki iliyofuata Doto alinipigia. Anasema Sele ana wivu, kama anataka kurudi aje aombe radhi, na mimi nipige kura yangu sasa hivi ili suala liishe na kamati ijue wimbo. Siku mbili baadaye Sele akanitumia ujumbe: "Miaka yote hii sijawahi kukuuliza. Basket Case au ule mwingine? Nijibu neno moja tu."

Nikisema wa Doto, Sele atajua tumempoteza. Nikisema wa Sele, Doto ataniona sina shukrani, kwa sababu mtaji wa duka hili alinikopesha yeye, milioni mbili, na laki nane bado sijamrudishia. Na kuna siri, Anti. Wimbo wangu si wa yeyote kati yao. Ni Good Riddance, wa mwaka 1997, gitaa moja lisilo la umeme na fidla nyuma yake. Wao wote wawili wameucheka tangu shuleni, wanauita wimbo wa mahafali. Nikiutaja sasa wataona ninakwepa tena.

Nimelinda amani ya watu hawa miaka ishirini. Nifanyeje?

Wa Katikati, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu.

Pale kwenye tawi la Yanga nilicheka, nakiri. Kwingine sikucheka. Kabla ya kukujibu nilimwita mtoto wa kaka yangu anayeujua muziki huu, tukakaa barazani, mimi na ungo wangu nachambua mchele, yeye na simu yake, akanipigia nyimbo zote tatu. Siwezi kumshauri mtu juu ya mboga nisiyoionja. Basket Case ulinipita kama daladala inayowahi abiria, nikaomba urudiwe. Jesus of Suburbia ulinikuta katikati ya ungo ukaniacha nimemaliza. Nikuambie mapema: mimi ni mtoto wa dansi, na nyimbo zetu zilikuwa hivyohivyo, zinaanza na hadithi taratibu, zinageuka, halafu zinafika kwenye chemko na hakuna anayebaki kitini. Wimbo wa dakika tisa haunitishi. Ukiona mahali nimemwegemea Doto, laumu masikio yangu.

Nikikuelewa, una marafiki wawili waliobishana miaka ishirini bila kuumizana, kisha usiku mmoja wakaumizana. Sasa kila mmoja amekuja kwako na swali la wimbo, na wewe unahisi kwamba neno moja utakalosema litakata urafiki vipande. Juu ya hapo kuna deni, kuna harusi, na kuna wimbo wako mwenyewe uliouficha tangu ukiwa mtoto wa shule. Si jambo dogo hilo, na mdogo wako akicheka tena mwache apaliwe.

Jambo la kwanza nililojiuliza ni kama ubishi wenyewe ndio ugonjwa. Baba yangu alikuwa shabiki wa bendi ya dansi ya Sikinde kufa na kupona. Jirani yetu pale Ilala alikuwa wa bendi pinzani, Msondo. Sikinde ilianza mwaka 1978, na Msondo mizizi yake ni NUTA Jazz ya mwaka 1964, basi jirani alikuwa akimwita baba "mtoto wa juzi" ingawa baba alimzidi umri. Kila Jumapili walikuwa barazani wakirushiana misemo ya bendi zao: huyu ngoma ya ukae, yule baba ya muziki. Sisi watoto tulidhani hawapendani. Jirani alipofariki, baba hakufungua redio mwezi mzima. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba ule ubishi ndio ulikuwa njia yao ya kujuliana hali. Mtu anayebishana nawe kuhusu wimbo wakati una dripu mkononi, mwanangu, amekuja kukuona.

Kwa hiyo sidhani kwamba swali la wimbo upi bora limewahi kuwa hatari kwenu. Kilichotokea Chang'ombe nadhani ni kitu kingine kilichovaa nguo za ubishi.

Sijui kama umewahi kukaa ukumbini taarab ikipigwa. Wimbo unakwenda, hakuna jina la mtu lililotajwa. Ukifika ubeti fulani, mwanamke anainuka na noti yake mkononi, anakwenda kumtunza mwimbaji, lakini anapita taratibu, kwa maringo, mbele ya meza ya mbaya wake. Hajasema neno. Ukumbi mzima umeelewa. Aliyelengwa ameelewa kuliko wote. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi? Mimi nimependa wimbo tu."

Doto usiku ule aliinuka na noti. Alisema wimbo, akapita mbele ya fremu. Na alifanya hivyo mbele ya mwanamke ambaye Sele ndiyo kwanza anafahamiana naye, ambaye atakuwa shemeji yake maisha yote.

Kuna kitu umekiandika kwa haraka halafu ukapita, na mimi nimerudi nacho mara tatu. Umesema Sele, baada ya kufiwa na mama yake, alikuwa akitoka darasani moyo ukimwenda mbio. Kisha ukasema, "Baadaye iliisha." Nani alikwambia iliisha? Nimemuuliza kijana wangu kuhusu Basket Case, akanieleza kwamba Billie Joe Armstrong, mwimbaji wa bendi aliyeuandika, amesema mwenyewe kwamba ulitokana na hofu kali zilizokuwa zikimpanda ghafla, kabla hajajua zinaitwaje, akiamini anaanza kuwa kichaa. Sasa mfikirie mtoto wa kidato cha tatu, yuko nyuma ya vyoo, peke yake, walimu wanamnusa vidole wakitafuta bangi, na duniani kote kuna sauti moja tu inayoeleza kile kinachompata. Huenda nakosea. Huenda Sele anaupenda kwa sababu ya gitaa tu. Lakini kama sikosei, basi mzaha wa kichaa ulimfika mahali ambapo Doto pengine hata hapajui. Je, Doto anajua habari ya nyuma ya vyoo? Hukusema. Wewe unaijua.

Na kama ile hali ya moyo bado inamjia Sele, hasa baada ya kupoteza fremu, mwenye duka la dawa unajua vizuri kuliko mimi kwamba inatibika na kwamba kuna madaktari wake, hata Muhimbili wapo. Siyo jambo la kumwambia kwa ujumbe wa simu, wala kuanza nalo. Liweke tu moyoni.

Nimtetee na Doto kidogo, maana barua yako imemwacha akiwa amesimama vibaya. Mtu anapomleta mchumba kwa marafiki zake wa utotoni anakuwa na wasiwasi ambao haonyeshi. Anataka aonekane mkubwa, na wale marafiki ndio watu pekee mjini wanaomjua alipokuwa mdogo, akiitwa Yanga na akisubiri zamu ya fulana. Akaona ametaniwa, akarudisha kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Haimsafishi. Lakini ana kitu kingine nadhani kinamuuma: yeye ndiye aliyehama. Anapenda wimbo wa kijana aliyeuacha mtaa wake, na yeye yuko Goba.

Kijana wangu alinisimulia kisa kimoja cha bendi yenu ambacho bila shaka unakijua. Walikulia kwenye klabu moja ndogo pale Berkeley, California, mtaa wa Gilman namba 924. Klabu ile ilikuwa na sharti kwamba bendi ikichukuliwa na kampuni kubwa ya muziki haipigi tena pale. Mwaka 1993 wakasaini na Reprise, kampuni kubwa, na mlango ukafungwa. Wenzao waliokuwa wakijazana nao mle ndani wakawaita wasaliti. Walirudi kupiga muziki kwenye jukwaa lile mwaka 2015. Hesabu miaka. Nilipokisikia nilimfikiria Doto, nikajiuliza kama mara ya mwisho alipokaribishwa nyumbani kwa Sele, siyo baa, ilikuwa lini. Na Sele je, amewahi kufika Goba?

Sasa wewe, mwanangu. Hapa naomba nikukalie karibu.

Unasema umelinda amani miaka ishirini. Sikatai, katika vikundi vingi kuna mtu wa kusema "hapo una pointi", na bila yeye watu hawafiki kidato cha nne pamoja. Ila nimejaribu kukaa kwenye kiti cha Sele. Kwa miaka yote mtu wa tatu hasemi yuko wapi. Halafu usiku mmoja, kwa mara ya kwanza, anasema: anacheka. Inawezekana Sele anahesabu kwamba ulikwisha kupiga kura yako pale baa. Ujumbe wake wa neno moja ukiusoma hivyo, hauulizi habari ya Green Day kabisa.

Sikuandikii hivi ili nikulaumu. Watu wengi hucheka meza ikicheka, ni kama kupiga miayo. Lakini barua yako ni ndefu, ina fulana, ina CD, ina dakika za kila wimbo, na kicheko umekipa maneno matatu. Ndiyo maana nikakiona.

Basi tuangalie njia ulizonazo. Sitakuchagulia.

Unaweza kumjibu Sele neno moja kama alivyoomba. Ukiandika Basket Case atafurahi kwa dakika mbili, halafu atajiuliza kama umemwonea huruma. Na utakuwa umesema uongo, kwa sababu wimbo wako ni mwingine. Ukiandika ule wa Doto, sina haja ya kukueleza.

Unaweza kusema kweli, kwamba wako ni Good Riddance. Unaogopa wataona unakwepa, na hofu yako ina msingi, maana waliozoea kukuona katikati watadhani umejitafutia katikati nyingine. Sijui kama ingekuwa hivyo ukiwaeleza na sababu. Kwenye barua umeniambia wenyewe wanavyouita, umeniambia na vyombo vyake, lakini hujaniambia kwa nini unaupenda. Kuna kitu huko. Mtu haufichi wimbo miaka ishirini kwa sababu ya fidla.

Unaweza kwenda Kariakoo. Si lazima kwa maneno makubwa. Simu yako haikosi ufa wa kutengenezwa. Kaa kwenye meza yake chini ya ngazi, useme habari ya kile kicheko, wimbo usiutaje. Hatari yake ni kwamba atakuona mjumbe wa kamati aliyekuja kuchungulia mchango. Ukienda, nadhani ingesaidia akijua Doto hakukutuma, na kama atasema "nimeshasahau", usiamini haraka. Wapole ndivyo wanavyofunga mlango.

Unaweza kumwendea Doto. Huko kuna lile deni, na naona limekukaa kooni. Nikuulize: Doto amewahi kulitaja? Au ni wewe unayemlipa kila siku kwa kukaa kimya? Kuna watu hukopesha na kusahau, na kuna wanaokopesha wakikusubiri. Unamjua ni yupi. Kama ni wa kwanza, umempunja, umedhani anaweza kununuliwa wakati hauzi. Kama ni wa pili, basi hata ukimpigia kura leo, kesho ataomba nyingine. Njia hii ina ubaya wa wakati. Mwanaume aliyebakiza miezi michache aingie ukumbini anasumbuliwa na mapambo, na MC, na wajomba. Ukimwambia alimkosea Sele anaweza kusikia kwamba unamharibia harusi. Lakini ukingoja mpaka baada ya Desemba, kiti cha Sele kitakuwa kimekwisha kukaa kitupu kwenye picha, na picha za harusi hazirudiwi. Mchumba naye sijui alicheka kwa kuelewa au kwa adabu. Wanawake huwa tunaona mengi kwenye meza kama zile. Pengine yeye tayari ameshamuuliza Doto usiku uleule, "Yule rafiki yako ulimsema vile kwa nini?"

Kuwaita wote wawili na kuwasuluhisha ndiyo njia ambayo wengi watakushauri. Mimi ninaiogopa kidogo, kwa sababu itakurudisha kwenye kiti chako cha zamani, katikati, safari hii ukiwa na filimbi.

Kuhusu wimbo wa ukumbini, hapo niruhusu nicheke. Mmeapizana mambo gani ninyi? Jesus of Suburbia ukitangazwa, wakwe watadhani ni pambio, watasimama na mikono juu, halafu yatakuja yale matusi yaliyomo ndani. Basket Case ni bwana harusi kuwatangazia wageni mia tatu kwamba ana wasiwasi na akili zake. Na wa kwako ndio umenimaliza. Kijana wangu ananiambia Good Riddance maana yake ni kama kusema afadhali umeondoka, Armstrong aliuandika akiwa na hasira na msichana aliyemwacha akaenda Ecuador. Watu husikia ule utamu wa gitaa wakaupiga kwenye mahafali na harusi bila kusoma jina lake. Mkiupiga, bibi harusi anayejua Kiingereza atawaangalia sana.

Wimbo huo ulipoanza nilidhani simu imeharibika. Gitaa likaanza, likakwama. Likaanza tena, likakwama, na sauti ya mtu akinong'ona tusi. Halafu ndipo likaenda. Kijana akanieleza kwamba simu ni nzima, mpigaji alikosea mara mbili na wao wakaamua kuyaacha makosa palepale kwenye rekodi, dunia nzima inayasikia. Nikamwambia arudishe mwanzo. Nimeusikiliza huo mwanzo peke yake mara tano au sita.

Akanionyesha na wimbo mwingine ambao katika barua yako hakuna aliyeutaja, Homecoming, nao ni wa dakika tisa, kwenye albamu ileile ya fulana yenu. Anasema nyimbo zile ndefu zilianza kama mchezo: mpiga besi, Mike Dirnt, alibaki peke yake studio akatunga kipande cha nusu dakika, mwimbaji akaja akaongeza chake, mpiga ngoma, Tré Cool, akaongeza chake, wakaviunganisha. Ndani ya Homecoming kila mmoja wa watatu anaimba sehemu yake kwa sauti yake, hata mpiga ngoma, ambaye kwa masikio yangu hajui kuimba sana. Sisemi ndio bora. Kijana wangu mwenyewe anasema ni mrefu mno, na tulibishana hapo mpaka chai ikapoa.

Niandikie ukishaamua pa kuanzia, au ukishindwa kuamua. Na ile habari ya mtoto na ndoa bado, hiyo nakudai.

Halafu kuna swali limenikaa tangu nilipoifunga barua yako. Ile fulana ya Karume mliyoivaa kwa zamu, kila mtu wiki yake: zamu ilisimamia kwa nani?

Anti